Tiara ya Bahati Nasibu

Msomaji, huko Marekani, ambako chama cha warusha tiara kiliundwa 1964, baadhi ya mashindano huchangiwa hivi: fundi hushona tiara ya nyuzi mbili, ya nailoni na vijiti vya kaboni, akaitoa iwe zawadi ya bahati nasibu.

Mbona isipigwe mnada? Kwenye mnada mwenye nacho ndiye hutamba. Kwa tikiti, hata mwanafunzi aliyenunua moja tu aweza kwenda nayo nyumbani.

Ila mshindi asikimbie nayo kama ile ya gazeti kuukuu! Hii huendeshwa: ukivuta uzi wa kulia, yakata kulia. Nyuzi zikipishana urefu, itaegemea upande mmoja. Afadhali amwombe fundi amfunze papo hapo uwanjani, kabla watu hawajatawanyika.