Upepo wa Matairi Upimwe Alfajiri

Kila msimu wa tumbaku malori yaliyosheheni marobota hutoka katika maghala ya vyama vya msingi huko Ushetu, hupita Kahama, kisha hushika safari ndefu ya kwenda viwandani Morogoro. Vijijini njia ni ya vumbi na mawe. Kwenye lami mwendo huongezeka, na hapo ndipo tairi lenye upepo pungufu huonyesha madhara yake.

Wako madereva wanaoamini kwamba tairi hupasuka kwa kujazwa upepo mno. Ifikapo saa saba mchana husimama kando ya barabara, hugusa tairi, huliona lina moto, nao hulipunguza upepo. Tunasema wazi kwamba desturi hiyo ni ya hatari. Upepo hupanda kwa joto la mwendo, na waliotengeneza tairi walikwishalihesabu jambo hilo. Likipunguzwa likiwa na moto, litakapopoa litakuwa chini ya kipimo. Tairi la namna hiyo hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, na joto huachanisha mpira na nyuzi zake. Mzigo ukizidi, ndivyo linavyopasuka upesi zaidi.

Taifa halijasahau tarehe 28 Juni, 2025, huko Same, ambako basi lililopasuka tairi liligongana na basi dogo, yakateketea yote mawili, na watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Hatudai kwamba upepo pungufu ndio ulioleta msiba ule; tunasema tu kwamba tairi moja linatosha.

Kwa gari dogo kipimo huandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, nacho mara nyingi ni paundi 30 hadi 35 kwa inchi ya mraba. Lori la mizigo mizito huhitaji hata zaidi ya 100. Hupimwa kwa geji, gari likiwa halijaondoka. Si kwa teke wala kwa kugonga nondo, ingawa wapo wakongwe wa kazi wanaojivunia masikio yao. Tairi la ndani katika jozi za nyuma, lisiloonekana vizuri, ndilo husahauliwa zaidi.

Ajali ikitokea, dereva ndiye huwekwa ndani, hata kama tajiri wake ndiye aliyemnyima geji. Kwa hiyo tunapendekeza vyama vya msingi vinunue geji, ambayo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya tairi moja. Karani wa ghala apime matairi yote, na lililopungua lijazwe kabla robota la kwanza halijapakiwa.