Kiyoyozi cha Chumba cha Hadubini Kisizimwe



Nina dukuduku langu juu ya jambo linaloipotezea nchi yetu fedha za kigeni kimyakimya.

Mimi ni fundi wa viyoyozi na majokofu, na kazi zangu nyingi ziko hapa Upanga. Kila msomaji anajua kwamba Upanga ndiko iliko Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 1956 ikiitwa Princess Margaret, pamoja na chuo kikuu cha afya kilichopata hadhi hiyo mwaka 2007. Katika mitaa ya jirani zipo maabara nyingine kadhaa, za umma na za watu binafsi. Siku hizi maabara hazitumii hadubini za kioo na taa peke yake. Zipo hadubini zinazofanya kazi kwa mwanga wa leza, na zipo mashine za leza za kuhesabu chembe za CD4, ambazo wengi walizifahamu baada ya dawa za kupunguza makali ya UKIMWI kuanza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004.

Mashine hizi haziwezi joto. Leza za zamani za gesi ya agoni hula kilowati moja ya umeme na zaidi, na mwanga unaotoka ni kidogo mno. Umeme wote uliobaki hugeuka joto humo humo chumbani. Ongeza kompyuta, ongeza watu watano ambao kila mmoja mwili wake hutoa joto la kama wati 100, kisha kumbuka kwamba tuko Dar es Salaam, msimu wa kaskazi, nje ni nyuzi 32. Leza mpya zina nafuu, lakini nazo zinataka chumba kisichopandapanda na kushuka joto, kwa sababu chuma hutanuka na kunywea. Mwale ukihama hata kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele, picha haifai tena.

Sasa inashangaza kuona yanayofanyika. Katika maabara moja, ambayo siitaji jina na wala si ya hospitali hiyo niliyoitaja, ikifika saa 9.30 alasiri kiyoyozi kinazimwa ili kubana matumizi ya umeme, na dirisha linafunguliwa. Mchana kutwa chumba kilikuwa nyuzi 20. Hewa ya pwani inapoingia, yenye unyevu tele, inakuta vioo na vyuma bado vya baridi, navyo vinatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye jokofu. Mchezo huo ukirudiwa kila siku, ukungu unaota juu ya lenzi na kuila. Ukungu wa lenzi, ndugu zangu, haufutiki kwa kitambaa.

Nimeitwa hapo mara tatu. Mara ya tatu hadubini yenyewe ilikuwa imefunikwa shuka, inasubiri mtaalamu kutoka ng'ambo, na kijana mmoja mwanafunzi alikuwa na sampuli za wagonjwa ambazo hatazipata tena. Niliulizwa kama ninaweza kuongeza gesi.

Gesi haikupungua! Kilichokosekana ni hesabu. Majengo mengi ya zamani ya Upanga yalijengwa ili upepo wa bahari upite, madirisha ya vipande vya vioo pande zote mbili. Ni majengo mazuri kwa binadamu, lakini kwa chumba cha leza ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Kwanza zibeni madirisha. Kisha fungeni viyoyozi viwili vya wastani badala ya kimoja kikubwa, maana kikubwa kupita kiasi hupoza upesi, kikajizima kabla hakijakausha unyevu. Viwili hupokezana, kimoja kikiharibika kingine kipo. Upepo wake usielekezwe kwenye hadubini. Na hao wanaoweka nyuzi 16 asubuhi wakidhani chumba kitapoa haraka, wanajidanganya. Wekeni 22 usiku na mchana, mkiacha.

Najua nitaambiwa umeme ni ghali, na kwamba tumepitia mgao mkali mwaka 2006 na tena 2011. Ni kweli. Lakini Bwawa la Mwalimu Nyerere lilianza kuzalisha mwaka 2024, na hata kabla ya hapo jenereta zilikuwepo, ila zilifungwa kwenye taa za ofisi na feni za wakubwa, siyo kwenye chumba hiki. Mtu anayenunua mashine ya mamilioni ya shilingi na kukosa ya kuilaza penye ubaridi ninamfananisha na anayenunua samaki Feri saa nne asubuhi akamtembeza mjini hadi jioni.

Ninawaomba wahusika wa ununuzi wa vifaa watujibu katika safu hii: kwa nini mkataba wa kununua au kupokea msaada wa hadubini ya leza hauhesabu pia chumba, viyoyozi vyake, laini yake ya umeme na mshahara wa fundi wa kusafisha machujio kila mwezi? Na hadi jibu litakapopatikana, mwenye funguo za vyumba hivyo aache swichi hiyo kama ilivyo anapokwenda nyumbani.

Fundi wa Viyoyozi,
Upanga,
Dar es Salaam.