Wasaka vipaji wa kike wako wapi?

Wanachuo wenzangu, mwaka 1946 klabu ya besiboli ya Philadelphia Phillies huko Marekani ilimwajiri mwanamke, Edith Houghton, kusaka vipaji. Sisi je? Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia U-17 mwaka 2022, lakini kwetu Bariadi sijawahi kuona mwanamke amekuja UMISSETA kusaka wachezaji. Wanaokuja ni wanaume, na mzazi wa Maswa au Meatu hamkabidhi binti yake kwa mwanaume asiyemjua. Hapo hakosei hata kidogo. Basi TFF iwafundishe kazi hii walimu wa kike, maana ndio wanaoshinda na mabinti shuleni. Nasi dada wa ualimu, tukienda TP tusiishie darasani, tushuke uwanjani na daftari.