Tochi ya Mfukoni Itakayokufikisha

Wengi wetu tunayo nyumbani tochi ile ndogo ya kutosha kiganjani, yenye mwanga mkali unaofika mpaka mwisho wa shamba. Sisi nasi tunayo. Tuliinunua kwa bei nafuu, tukaisifu kwa kila mgeni, tukaiweka juu ya kabati. Sifa zile ziliisha usiku mmoja wa mvua, tulipomsindikiza jirani yetu zahanati akiwa na uchungu wa kujifungua. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na simu zetu zote zilikuwa zimeishiwa chaji.

Njia ya kwetu huvuka mfereji juu ya mbao mbili. Hatujafika hata katikati, taa ikaanza kufifia, kisha ikazimika. Tulivuka kwa kupapasa, mama mkwe wa jirani akitangulia kwa magoti. Tulipofika, mkunga akaomba mwanga. Tochi ilikuwa imepumzika kidogo, ikawaka. Lakini ilitoa duara dogo kali lililomwumiza macho, na pembeni giza tupu. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, kwa mwanga wa simu ya mkunga mwenyewe. Sisi tulirudi nyumbani na aibu yetu.

Kesho yake tulianza na betri. Tochi nyingi za namna hii hutumia betri moja ya duara iitwayo 18650. Namba hiyo ni vipimo tu: upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ni ya lithiamu, jamii ya betri zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1991, na ndizo zilizomo ndani ya kompyuta nyingi za zamani za mkononi. Yetu ilikuwa imeandikwa 9900 mAh, na muuzaji alituonyesha maandishi hayo kwa fahari. Kumbe ni uongo mtupu. Betri ya ukubwa huo, hata iliyo bora, kwa kawaida haipiti 3500 mAh, na chache za siku hizi ndizo hukaribia 4000. Tuliipima kwenye mizani ya keki: haikufika gramu 35, wakati betri ya kweli huwa na gramu 45 hivi au zaidi. Basi mama, ukienda dukani usivutwe na namba kubwa. Chukua iliyoandikwa 2600 au 3000 kutoka kwa mtu unayeweza kumrudia. Taa ikila 1000 mA, betri ya 2600 itakupa muda wa saa mbili na nusu. Ukiiweka kwenye mwanga mdogo, utakesha nayo usiku kucha.

Kama huziamini betri za lithiamu, angalia ndani ya boksi la tochi. Nyingi huja na kikasha cha plastiki cha kuwekea betri tatu nyembamba za AAA. Tia humo tatu za kuchajiwa, zile za volti 1.2 kila moja. Jumla ni 3.6, karibu sawa na 3.7 za betri ile kubwa. Hazidumu sana kwa chaji moja, lakini zina upole kuliko lithiamu na huchajiwa mara mamia.

Kisha tulikwenda kwa fundi wa redio. Nyuma ya tochi, ndani ya kifuniko, kuna springi inayosukuma betri. Springi za bei rahisi hupitisha umeme kwa shida, zikapata moto na kupunguza mwanga. Fundi alilehemu kipande cha waya laini wa shaba kutoka juu ya springi mpaka chini yake, akauacha ulegee ili springi iendelee kubonyea. Kazi ya dakika kumi. Mwombe fundi asiilehemu betri yenyewe kamwe; joto la risasi huiharibu, na inaweza kulipuka.

Lile duara kali tulilitibu kwa kifuniko cheupe cha chupa ya dawa, kile kisichoonyesha vizuri upande wa pili. Kilikaa kichwani pa tochi kana kwamba kilitengenezwa kwa ajili yake. Ukikivika, chumba kizima kinapata nuru tulivu, na mtoto aliyelala haamki. Ni cha mwanga mdogo tu. Taa ikiwa kali huyeyuka. Tulikata pia mkanda wa mpira wa baiskeli tukaufunga kiunoni mwa tochi, isiteleze mkono ukiwa na maji wala isibingirike mezani. Tukaongeza kamba ya kuning'iniza shingoni, maana mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi hana mkono wa tatu.

Hapo tulidhani tumemaliza. Juma la pili, mmoja wetu alikuwa ndani ya daladala akasikia harufu ya nguo inayoungua. Tochi ilikuwa imejibonyeza ndani ya mkoba, kioo kikiwa kimegusa kanga. Kanga ilitoboka, na tochi haikushikika kwa moto. Abiria walituangalia kama wachawi. Tangu hapo hatuibebi bila kulegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko. Lakini jaribu kwanza: kilegeze, kisha bonyeza. Ikiwa taa bado inawaka, tochi yako haina kinga hiyo. Toa betri uibebe peke yake ndani ya kikasha. Usiitupe ovyo mkobani penye sarafu na funguo, kwani chuma kikiunganisha ncha zake mbili, betri hupata moto mara moja.

Kuchaji nako kuna adabu yake. Betri ya lithiamu hujaa kwenye volti 4.2, na chaja nzuri hujizima hapo. Sisi huichaji mchana, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia, tukiwepo nyumbani. Ganda lake likichanika, au ikibonyea, au ikipata moto wakati wa kuchaji, tunaiacha kabisa. Hatuitupi motoni wala chooni. Tunampelekea fundi, naye huzipeleka kwa wanunuzi wa vyuma na betri chakavu. Na watoto wasiachiwe kumulikana machoni, hata kwa mchezo.

Tochi yetu ilikuwa ikining'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na betri ya pili iliyojaa ikiwa ndani ya kikasha kando yake. Mwezi uliopita mkunga alikuja kuiazima. Hajairudisha bado, nasi hatujaidai.