Nani Anamla Ngagi?

Kuna neno linalosemwa mara nyingi huku Kivu, hata na watu wenye elimu: mtu ni bora kuliko mnyama, watu wana njaa, basi waacheni wachimbe hata kama ngagi watakwisha. Sehemu ya kwanza ya neno hilo ni kweli, wala hatuna ugomvi nayo. Sehemu ya pili ni udanganyifu, na inafaa tuufunue.

Tutazame msitu wa Kahuzi-Biega, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1970. Humo na katika misitu ya jirani wanakaa ngagi wa mashariki ya Kongo, wakubwa kuliko ngagi wote. Hawaishi porini katika nchi nyingine yoyote. Karibu na mwaka wa 1995 walikisiwa kuwa 17,000. Mwaka wa 2016 walikisiwa 3,800. Hesabu ya 2021 ikatoa 6,800, na wengine wakashangilia kana kwamba ngagi wamezaa. Hawakuzaa hivyo! Ni wahesabuji waliofika mahali wasipofika kwanza.

Kilitokea nini? Vita, ndiyo. Lakini vita ilipata chakula chake katika shimo. Mwaka wa 2000 bei ya koltani ilipanda ghafula, maana madini yaliyomo, tantali, hutumika katika simu na kompyuta. Maelfu ya watu wakaingia msituni na sururu na beleshi. Fikirini kambi ya namna hiyo: wanaume wengi, hakuna shamba, hakuna kuku, na soko liko mbali, safari ya miguu. Watakula nini? Watakula kile kinachotembea karibu. Na ngagi ni windo rahisi. Hutembea chini, huacha njia pana katika majani, kila jioni hujenga kitanda chake. Dume mmoja hupita kilo 150. Risasi moja hulisha kambi. Wachimbaji wenyewe walipoulizwa, wengi walijibu kwamba wanawinda kwa kukosa nyama nyingine, si kwa kupenda.

Tena ngagi hazai kama sungura. Jike huzaa mtoto mmoja, halafu hukaa miaka minne hivi kabla ya kuzaa mwingine. Dume mkubwa husimama mbele ya bunduki akiilinda jamaa yake, na akifa, jamaa huweza kutawanyika. Hata wasiopigwa huhama malisho yao na kubanwa katika vipande vya msitu. Na mitego ya waya iliyotegewa paa huwakata mikono.

Sasa niambieni, njaa hiyo ni ya nani? Si ya kijiji. Vijiji vilikaa kando ya msitu huo tangu zamani, wala havikummaliza ngagi. Njaa hiyo imetengenezwa na mnunuzi anayetaka mawe bila kuuliza wachimbaji wanakula nini, na mwenye bunduki anayetoza kodi mlangoni mwa shimo. Mchimbaji hutoka humo na homa na deni. (Watwa, nao, walifukuzwa msituni miaka ya 1970 ili wanyama wapate amani, kisha mwenye sururu akaingia palepale. Aibu gani hii?) Anayesema mtu ni bora kuliko mnyama, basi atuonyeshe huyo mtu aliyepata ubora wake katika koltani ya Kahuzi.

Tunadai mambo mawili, wala si makubwa. Mashimo yaliyo ndani ya hifadhi yafungwe, na wachimbaji wapewe mahali pa kuchimba nje yake. Na kwa mashimo ya nje, yaliyo bado katika misitu ya ngagi, mnunuzi asipokee gunia hata moja kabla hajapeleka maharagwe, sambaza na makayabu kambini. Asituambie kwamba njia ni mbaya. Bia inafika huko, na inafika mgongoni mwa watu.