Hapana Nayo Ni Jibu

Nawaandikia nyinyi vijana wote mlioko Nakivale, Kyaka, Kyangwali, Kakuma, Nyarugusu na kwingine, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika ambao najua mnatusoma hata kama hamsemi kitu. Leo sitaandika kwa upole. Adabu nitajitahidi kuwa nayo, lakini upole umeniishia.

Ni miezi kumi na mmoja sasa tangu nipeleke fomu yangu kwenye shule moja ya unesi huku magharibi mwa Uganda. Miezi kumi na mmoja! Mwanamke anabeba mimba, anajifungua, na mtoto ameshaanza kumchekea mama yake. Mimi bado sijui kama nimekubaliwa au nimekataliwa. Sijaambiwa ndiyo, sijaambiwa hapana. Nimeambiwa "tutawapigia".

Kwa wale ambao hawajapita njia hii, nieleze. Cheti cha unesi hapa Uganda ni miaka miwili na nusu. Wanaangalia masomo yako ya sekondari: biolojia, kemia, fizikia, hesabu, Kiingereza. Sisi tuliosoma Kongo tuna vyeti vya kwetu, kwa hiyo lazima kwanza vipelekwe UNEB, baraza la mitihani la hapa, vilinganishwe na vya Uganda. Na kabla ya kulinganishwa vitafsiriwe kutoka Kifaransa, na si kwa kijana yeyote mwenye kompyuta pale Base Camp, ni kwa mtu mwenye muhuri. Wangu nilimpata Kampala. Halafu mnajua mambo ya Diplôme d'État kwetu: unafaulu mwaka huu, karatasi yenyewe inaweza kuchelewa miaka, unabaki kutembea na attestation. Mimi nilivuka Bunagana Juni 2022 na attestation yangu ya biolojia-kemia imefungwa ndani ya kitenge, kiunoni. Mama alibeba sufuria. Njiani alinicheka, akasema sufuria tutakula nayo leo, hiyo karatasi tutakula nayo lini? Bado hajapata jibu.

Kwa ajili ya fomu tuliuza mbuzi. Nauli ya kwenda na kurudi, picha, fotokopi, barua ya mwenyekiti wa wakimbizi, pesa ya fomu yenyewe ambayo hairudishwi hata ukikataliwa. Nilifanya mtihani wa kuandika, nikaitwa kwenye mahojiano. Wakaniuliza kwa nini nataka kuwa nesi. Nikawaambia ukweli: miaka miwili nimejitolea na timu ya afya ya kijiji. Najua kufunga ule utepe kwenye mkono wa mtoto na kusoma rangi, najua nyekundu ni chini ya sentimita 11.5 na kwamba mtoto huyo haendi nyumbani, anaenda kituoni leo leo. Najua kukaa katikati ya nesi na mama asiyeelewana naye. Mama anasema "mgongo unaniwaka na maji yananitoka", mimi namgeuzia nesi kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nesi anakimbia. Nimetafsiri uzazi mara ngapi, sikumbuki. Wale wazee wa mahojiano waliitikia kwa kichwa, mmoja akatabasamu. Nilitoka pale nikijua nimepita. Labda nimepita kweli! Nani anajua?

Sasa sikilizeni sehemu inayoniumiza kuliko zote. Kuna shirika moja lililosema litalipia karo. Nikaenda, nikapanga foleni, yule madamu akanipokea vizuri kabisa. Akasema: lete barua ya shule inayoonyesha umekubaliwa, mwisho ni tarehe fulani. Nikarudi shuleni. Shule wakasema: barua hatutoi mpaka tuone nani atalipa, lete barua ya mfadhili au lipa nusu ya karo ya muhula wa kwanza. Nikarudi kwa shirika. Madamu akasema, "Mdogo wangu, utaratibu ndio huo." Nikamuuliza, "Dada, utaratibu wa nani, wako au wao?" Akacheka kwa huzuni. Tarehe ikapita. Huyu ananituma kwa yule, yule ananirudisha kwa huyu, na katikati yao ni mimi na nauli ya boda.

Ofisi hizo mbili ziko mji mmoja. Mtu anatoka hii na kuingia ile kwa miguu. Kwa nini mimi mkimbizi niwe posta kati yao? Wakaongea kwa simu dakika tano, shule itaandika "amekubaliwa iwapo atalipiwa", shirika litaandika "tutamlipia iwapo amekubaliwa", mambo yamekwisha. Sijaomba waniongezee shilingi hata moja hapo. Nimeomba waongee.

Na hiyo "tutawapigia" nayo. Rafiki yangu wa Rubondo alipigiwa. Mara moja, siku ya Alhamisi mchana. Simu yake ilikuwa dukani inachajiwa, kwa sababu kwao hakuna sola, na mwenye duka hapokei simu za watu. Jioni akaona namba asiyoijua, hana salio la kuirudia. Ijumaa asubuhi akaazima simu, akapiga, akaambiwa nafasi imepewa mwingine, "hukupatikana". Hukupatikana! Msichana ambaye hajatoka kambini tangu 2021, ambaye anwani yake, blok yake na namba ya nyumba yake viko kwenye kompyuta za ofisi nyingi kiasi kwamba wakitaka kumhesabu wanampata saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kuhesabiwa tunapatikana. Kwa kusoma hatupatikani.

Nikisema haya, wakubwa wananiambia subira yavuta heri. Nawaheshimu, lakini niwaulize, hiyo subira inakula nini? Tangu 2023 mgao wa chakula umewekwa kwa makundi, na 2025 ukakatwa tena, watu wengi wameondolewa kabisa. Msichana wa miaka 21 anayengoja jibu hangoji akiwa amekaa kwenye kiti. Analima shamba la mtu kwa kibarua. Kuna anayemwambia mzazi wake "huyo binti anangoja nini, mimi nitamuoa". Darasani kwetu tulioomba pamoja tulikuwa tisa. Wawili wameolewa, mmoja amekwenda Kampala kufua nguo za watu. Hakuna aliyewakataza kusoma. Walingojeshwa tu, basi.

Halafu mtu mwingine anasema, shukuruni, wakimbizi hamna haki ya chuo, ni msaada. Hapana, ndugu. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unataja elimu ya juu ya msingi kwa jina: kuingia masomoni, kutambuliwa kwa vyeti vya nje, kupunguziwa ada, kupewa ufadhili. Haukusema lazima tupewe sawa na wenyeji, lazima niwe mkweli, unasema tutendewe vizuri iwezekanavyo, na kwa vyovyote isiwe chini ya wageni wengine. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 nayo inataja mengi ya mambo hayo. Walioandika walijua kwamba mtu anaweza kukimbia na karatasi kiunoni. Walilifikiria hilo kabla mama yangu hajazaliwa.

Na huku dunia inalia haina wauguzi. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti 2025 likisema upungufu ulikuwa milioni 5.8 mwaka 2023, na Afrika ni kati ya sehemu zinazoumia zaidi. Twende kituo chochote cha afya kambini Jumatatu asubuhi, tuangalie ile foleni, halafu mtu aniambie hatuhitajiki.

Lakini angalieni pesa zinakwenda wapi. Kuna ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992 kwa fedha za Ujerumani, umesomesha wakimbizi wengi na siusemi vibaya. Huo ni wa digrii. Na UNHCR wanalenga kufikia 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe kwenye elimu ya juu. Vizuri sana. Upande mwingine kuna mafunzo ya siku tano: sabuni, ushonaji, keki, "ujasiriamali". Mimi mwenyewe nina vyeti vinne vya siku tano tano, kila kimoja na picha ya pamoja na fulana. Sabuni ya maji naweza kuitengeneza usingizini. Shida ni kwamba kambi nzima inaweza kuitengeneza, nani atanunua? Katikati ya digrii na sabuni kuna cheti cha miaka miwili na nusu ambacho kinamfanya mtu ashike sindano kihalali. Hapo katikati wafadhili ni wachache mno, na wachache waliopo hawajibu.

Wafanyakazi wa mashirika, najua mtaniambia nini. Maombi ni mia kadhaa, nafasi ni kumi, bajeti zimekatwa, hata nyinyi wenyewe mikataba yenu inaisha. Nawaamini. Sasa semeni hivyo! Andikeni ukutani: nafasi kumi, maombi mia tatu, majibu tarehe hii. Siku hiyo ikifika bandikeni majina ya waliopata, na waliokosa watumieni ujumbe wa mstari mmoja. Nikiambiwa hapana leo, kesho naomba shule nyingine, au nachukua mkopo wa kikundi nifungue kibanda, au nakubali yule mwanaume, angalau nimekubali nikijua. Mnaogopa kutuvunja moyo. Dada zangu, kaka zangu, sisi tumeona nyumba zetu zikiungua. Barua ya hapana hatutaifia.

Na sisi vijana tusijifanye malaika. Kuna mwenzetu aliyepewa nafasi, akaiacha bila kumwambia mtu, kwa sababu alikuwa anangoja ndege ya Marekani. Januari 2025 mlango ule ukafungwa, akabaki bila ndege na bila shule, na kitanda chake pale bwenini kilikaa kitupu muhula mzima. Huyo naye alituacha bila jibu. Kuna wengine wanaouza barua za kukubaliwa za uongo huku mtaani, tunawajua kwa majina na tunawasalimia. Kila barua ya uongo inayokamatwa inafanya attestation yangu ya kweli iangaliwe kwa jicho moja zaidi.

Rafiki yangu wa Nyarugusu alinisikiliza haya yote kwa simu, akanyamaza, kisha akasema: "Wewe angalau una mahali pa kungojea." Kule wanasoma kwa mtaala wa Kongo, na kutoka nje ya kambi lazima kibali. Shule ya unesi iko ng'ambo ya uzio. Sikuwa na la kumjibu. Ila sikubali kwamba kwa sababu yake yeye ni mbaya zaidi, basi yangu ninyamaze.

Kwa hiyo tumepanga hivi. Sisi sita tuliobaki kati ya wale tisa, pamoja na wa Rubondo na wa Juru waliokubali, tutakwenda kwenye zile ofisi mbili Jumatatu ya wiki ijayo. Hatuendi kufanya fujo wala kubeba mabango. Tunabeba barua moja, nakala mbili, tunaomba isainiwe kwamba imepokelewa. Ina swali moja kwa kila jina: ndiyo au hapana, na kama bado, mpaka tarehe gani. Aliyeomba mwaka huu au mwaka jana na hajajibiwa, alete nakala ya fomu na risiti ya malipo. Asiye na risiti alete hata ule ujumbe wa simu wa malipo, msiufute. Tunakutana pale kwenye stendi ya boda, Base Camp, saa moja asubuhi, twende na gari moja tugawane nauli. Mama amesema atatupikia uji kabla hatujaondoka, kwenye ile sufuria.