Choo Kimoja, Hesabu Mbili

Kanuni za CALGreen, zilizo lazima katika jimbo la California, Marekani, tangu mwaka 2011, zataka choo kisitumie zaidi ya lita 4.8 hivi kila maji yavutwapo. Je, choo cha vitufe viwili, kimoja cha lita 6, kingine lita 3, kimevunja sheria? La hasha! Hupimwa wastani wa kitufe kidogo mara mbili na kikubwa mara moja: lita 4. Mkaguzi wa ramani asiyeisoma fasili hiyo humrudisha mjenzi bure. Yafaa adai hesabu iandikwe rasmi. Hata hivyo, wastani huo wakisia tabia ya watu: wote wakibonyeza kitufe kikubwa, akiba iliyoidhinishwa haitaonekana kwenye mita.